Mtoto wa mbwa anayeng'ata miguu asipigwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wenzangu waliochukua watoto wa mbwa mwaka huu. Hapa Kihonda, Morogoro, tangu wizi wa kuku na mita za maji ulipozidi, karibu kila geti lina mtoto wa mbwa nyuma yake. Hilo sina ugomvi nalo, mbwa ni mlinzi mzuri. Ugomvi wangu uko kwenye kinachofuata. Siku za kwanza kila mtu anambeba. Kisha anaanza kung'ata visigino, kuning'inia kwenye pindo la kanga na kuchana soksi za shule, na hapo kandambili inavuliwa. Wengine humpiga puani, wengine humbana mdomo mpaka alie, wengine humpaka pilipili mbuzi kwenye ulimi. Waliochoka kabisa humfunga mnyororo chini ya mwembe, na hapo ndipo atakapozeekea.

Nilifanya kazi ya ugani wa mifugo mkoani humu mpaka nikastaafu, na watu wa vijijini walizoea kuniita bibi mifugo. Kazi yangu kubwa ilikuwa ng'ombe na mbuzi, lakini swali la mbwa anayeng'ata miguu niliulizwa kila nilikokwenda kuchanja, na bado naulizwa sokoni, kanisani na getini kwangu. Jibu langu ni lile lile. Huyo mtoto hana hasira na wewe, na kipigo hakimfundishi kile unachotaka ajue.

Mtoto wa mbwa hana mikono. Anachotaka kukijua anakitia mdomoni. Meno yake ya utoto huanza kutoka akiwa na wiki tatu hivi, na yakitimia ni 28, membamba na makali kuliko ya mbwa mzima. Kuanzia miezi mitatu au minne huanza kung'oka, na yale ya ukubwani, 42, huwa yametimia akifika miezi sita au saba. Katika kipindi hicho fizi zinamuuma, naye atatafuna mguu wa kiti, waya wa pasi, ukingo wa mkeka na kidole chako. Ukiokota jino dogo sakafuni usishtuke, ni kawaida.

Miguu na nguo anavipenda kwa sababu vinatembea, tena viko karibu na uso wake. Pindo la kanga linapepea, kamba za viatu zinachezacheza, mtoto anakimbia huku anapiga yowe. Kwake yeye wote huo ni mwaliko wa mchezo. Alipokuwa na ndugu zake walicheza hivyo hivyo, huyu akimkamata yule mguu, yule akigeuka na kumrukia. Aliyezidisha aliona mwenzake analia na kuacha kucheza, na mama naye akiumizwa chuchu aliinuka akaenda zake. Hivyo ndivyo mbwa anavyojifunza kupima nguvu ya taya zake, na anajifunza akiwa bado kwa mama yake, kabla ya kutimiza wiki nane. Anayeondolewa akiwa na wiki nne au tano anafika kwako hajui kwamba meno yanaumiza.

Hivi karibuni kijana wa bodaboda, jirani yangu, alinisimamisha njiani.

"Shikamoo bibi. Yule mbwa niliyemleta amekuwa balaa. Mama watoto hawezi hata kufagia uwanja. Nimfanyeje?"

"Marahaba mwanangu. Twende nikamwone."

Tulimkuta mkewe ameshika fagio la chelewa, na mbwa yuko kwenye pindo la kanga yake, miguu ya mbele ameikaza chini, anatikisa kichwa na kunguruma. Mama anavuta kanga, mbwa anavuta. Mama anapiga kelele, mbwa anang'ang'ania. Nilimwomba asimame tu. Asivute, asiseme neno, asimtazame. Alinishangaa, lakini akasimama kama mti, fagio limeshuka ubavuni. Mbwa akavuta, akavuta tena, mwisho akaachia na kuinua uso kumwangalia. "Sasa mpe," nikamwambia. Akamdondoshea dagaa mmoja, na kwa mkono wa pili akamburuzia kamba ya kitenge kikuukuu. Mbwa akaifuata kamba.

"Ndiyo basi, bibi?" kijana akauliza.

"Ndiyo basi. Ila kila siku, na kila mtu wa nyumba hii."

Nieleze kwa nini. Kuvutana ndiko kunakomnogea, kwa hiyo kila unapovuta nguo unamlipa kwa kukuuma. Kelele nazo anazihesabu kuwa sehemu ya mchezo. Teke ni baya zaidi, maana linamfundisha auwahi mguu kabla haujamfikia. Ukisimama, mguu na kanga vinapoteza utamu wote, na kile unachomsogezea ndicho kinachokuwa na uhai. Asipoachia hata ukisimama, chomoa nguo taratibu, ingia ndani, funga mlango wa wavu, hesabu mpaka ishirini au thelathini, kisha utoke kimya. Usimfungie yeye bandani nusu siku. Muda huo wote hatakuwa anakumbuka kosa, atakuwa analia tu.

Kuna jambo watu wanalisahau karibu wote: kumsifu akiwa hajafanya kosa. Unatembea uwanjani, mbwa yuko kando ya mguu wako, mdomo ameufunga. Huo ndio wakati wa dagaa na neno zuri. Wengi humnyamazia akitulia na kumshughulikia akiuma, halafu wanauliza kwa nini anauma.

Na nyumba iwe na sheria moja. Nimeona baba anarudi jioni, anamsukuma mbwa kichwa kwa kiganja, anamchokoza, anacheka akitafunwa vidole. Asubuhi mtoto wa darasa la pili anatafunwa vidole vile vile, analia, na mbwa anachapwa. Mbwa atajuaje kwamba mkono wa baba huumwa na mkono wa mtoto hauumwi? Baba, dada wa kazi, shangazi aliyekuja wikiendi, wote wakubaliane kwamba mkono na mguu si vya kuchezea, kamba ndiyo ya kuchezea. Watoto wadogo wafundishwe kusimama na kukunja mikono kifuani badala ya kukimbia, na wasiachwe peke yao na mbwa, hata awe mpole namna gani.

Sasa atafune nini? Hapa naomba nisikilizwe vizuri, maana nimeona mbwa wamekufa kwa ukarimu wa wenye nyumba. Gunzi la mahindi usimpe. Mbwa hulimeza vipande vikubwa, nalo halisagiki tumboni, likikwama kwenye utumbo ni upasuaji au kifo. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inapasuka kwa ncha kali. Kandambili iliyokatika nayo usimpe, kwa sababu nyingine: hana namna ya kutofautisha kandambili mbovu na viatu vya kanisani vya baba. Chana kitenge au suruali ya jinzi iliyochakaa, sokota kamba nene, piga fundo kubwa kila ncha. Ukiwa na friji, ilowanishe na uigandishe, ubaridi unatuliza fizi. Karoti nzima ya baridi pia inafaa. Kamba ikianza kutoa nyuzi itupe, usisubiri azimeze.

Halafu kuna saa ya jioni. Wengi huniambia mbwa wao "hupandisha" ikifika saa kumi na mbili: anazunguka uwanja mbio, anarukia kila mguu, hasikii. Wanadhani ana nguvu zimezidi, nao wanamkimbiza zaidi. Mara nyingi huyo amechoka. Mtoto wa mbwa hulala saa 18 mpaka 20 kwa siku, na nyumba zetu zina watoto, redio na wageni tangu alfajiri. Mtafutie kona ya baraza, tandika gunia, weka maji, na watoto waambiwe akilala asiguswe. Wenye nyumba waliolijaribu hilo wameniletea shukrani kuliko kwa ushauri mwingine wowote niliowahi kutoa.

Najua kuna watakaosema namdekeza mbwa. Mzee mmoja aliniambia wazi, "Mama, ukimchekea nyani utavuna mabua. Mimi nataka mbwa mkali, simtaki wa kubembeleza." Sisemi achekewe. Nasema afundishwe, na kumfundisha kunataka msimamo zaidi ya kumchapa. Mlinzi mzuri anawajua watu wake, anabweka mgeni akigusa geti, na anaacha ukimwambia aache. Huyo mnayempiga anajifunza jambo moja, kwamba mkono wa binadamu unaokuja karibu unaleta maumivu. Akifika mwaka mmoja, ana meno 42 na kilo zake ishirini na ushee, mtoto wa nyumba ile ile atainama kuokota mpira karibu yake, naye atauwahi mkono. Mwizi yuko mbali, hajagusa chochote. Mbwa wengi walioletwa kwetu kwa kosa la kuuma watu wa nyumbani walikuwa wa mnyororo na fimbo. Nao wanaowalisha pilipili ili wawe wakali wanawaunguza matumbo tu. Tena tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na kumtesa mbwa ni kosa kama ilivyo kumtesa punda au ng'ombe.

Siwezi kumaliza bila kusema habari ya kichaa cha mbwa, kwa sababu neno "anacheza tu" limewaponza watu. Mtoto wa mbwa naye anaweza kuwa na ugonjwa huo. Shirika la Afya Duniani linasema karibu visa vyote vya kichaa kwa binadamu, asilimia 99, hutokana na mbwa, na dalili zikishaanza kwa mgonjwa ni vigumu mno apone. Kwa hiyo kama meno yamepasua ngozi, hata mkwaruzo wenye damu kidogo, na mbwa hajachanjwa au hujui alikotoka, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usipake majivu, usipake pilipili, usingoje kuona kama litavimba. Mbwa asiuawe kwa hasira. Afungiwe salama, ofisi ya mifugo ya kata ipewe taarifa, aangaliwe siku 10. Ila ukiona amebadilika ghafla, anatoka mate mengi, anashindwa kumeza, anauma hata mawe na hewa, usimguse kabisa, ita wataalamu.

Chanjo ya kichaa huanza akiwa na miezi mitatu, na baada ya hapo ni kila mwaka. Kila tarehe 28 Septemba dunia inaadhimisha siku ya ugonjwa huu, na sehemu nyingi hutolewa chanjo. Nawaomba wenyeviti wa mitaa wasingoje gari la matangazo lipite. Wanazijua nyumba zilizochukua mbwa, wawaandike mapema. Na kwenye zoezi hilo wataalamu wadogo zangu watumie dakika chache kuwaonyesha watu namna ya kumwachisha mbwa kung'ata miguu. Mwenye mbwa amesimama foleni, mbwa yuko mkononi, watoto wamezunguka. Hakuna darasa bora zaidi ya hilo.

Mwisho ni kwenu mnaouza watoto wa mbwa kando ya barabara, kwenye boksi, macho bado ya buluu, tumbo limejaa minyoo. Mnajua wana wiki nne au tano na mnawaambia wanunuzi miezi miwili. Waacheni kwa mama yao mpaka wiki nane zitimie, wapeni dawa ya minyoo, ndipo muuze, hata kwa bei ya juu zaidi. Nawe mnunuzi, usilipe kabla hujapelekwa kumwona mama yake na ndugu zake wakicheza. Muuzaji akikwepa, acha, tafuta kwingine.

Bibi Mifugo mstaafu,
Kihonda, Morogoro