Kabla hujafunga zawadi, geuza uandike nyuma

Marahaba mwanangu,

Meseji yako nimeisoma mara tatu. Unasema mwaka huu hutaki kununua zawadi za sikukuu, unataka utengeneze mwenyewe vitu vidogo vidogo vya urembo, vya kutundika na vya kuweka mezani, na listi yako ina watu 22, na unaniuliza uanzie wapi. Jamani nimefurahi, nimefurahi mpaka nikaenda kushusha lile boksi juu ya kabati nikaanza kutoa kimoja kimoja kukiangalia, na ndo maana jibu limechelewa.

Sasa ngoja nikuambie nilichokutana nacho mle ndani, maana hicho ndo nataka ukishike kuliko yote, hayo mengine ya unga na gundi ni mikono tu, utazoea.

Kuna kindege cha kitambaa, kinaenea kiganjani, kimeshonwa kwa mkono, bawa moja jekundu lingine la bluu iliyopauka, na jicho lake ni kifungo kidogo cha shati. Kilikuwa cha bibi yako. Kila sikukuu alikuwa anakitoa anakitundika dirishani, sikukuu ikipita anakiviringisha kwenye karatasi laini anakirudisha, miaka yote hiyo mi nakiona na sikuwahi kumuuliza alikitoa wapi, kwa sababu ukiwa mtoto unaona kitu kipo tu basi kipo. Bibi yako hayupo tena wa kumuuliza. Nimempigia mama mkubwa, hajui. Mjomba naye anasema labda alishonewa na rafiki yake wa shule, halafu baadaye kidogo akanipigia tena akasema hapana, labda alikishona mwenyewe. Nimekigeuza kila upande, nimeangalia chini ya mabawa, hakuna jina, hakuna mwaka, hakuna hata herufi moja. Mtu alikaa chini akapiga stichi ndogo vile kwa ajili ya mama yangu, na mimi simjui.

Halafu chini yake nikakuta nyota yako ya unga na chumvi, ile yenye alama ya kidole gumba chako katikati. Nyuma niliandika jina lako lakini mwaka sikuandika. Baba yako anasema ulikuwa na miaka minne, mi nasema mitano, tumekaa pale tunapima kidole tunabishana na hatuna pa kuthibitisha. Imeniuma, mwanangu. Kitu cha sekunde tano tu.

Kwa hiyo kabla hata sijakwambia vipimo: kila utakachotengeneza, andika nyuma. Jina lako, jina la unayempa, na mwaka, tarakimu zote nne. Unamjua Hans Christian Andersen, yule mwandishi wa Denmark wa zile hadithi za watoto? Alikuwa mtu wa mkasi sana, anakata karatasi huku anasimulia, na ule moyo wa karatasi wa kusuka ulio mkongwe kuliko yote inayojulikana aliutengeneza yeye mwaka 1860. Ni vipande viwili tu vya karatasi vilivyopitishwa kimoja ndani ya kingine. Umetunzwa mpaka leo na sababu mojawapo ni kwamba watu wanajua ni wa nani na wa lini. Ungekuwa haujulikani, mtu angeukunja akautupa.

Haya, tuje kwenye listi yako. Watu 22 ni wengi, punguza. Najua hutapenda kusikia lakini nimeshapitia hiyo njia, ukitengeneza 22 utafika cha kumi unaanza kufanya ili mradi, na vitu hivi vinaonyesha, mtu akikishika anajua hapa mkono ulikuwa umechoka. Chagua saba, wanane, wale ambao ukifumba macho unaona kabisa sura yao wakifungua. Hao wengine waandikie kadi nzuri, kadi ya maneno ya kweli nayo watu wanaitunza. Na uanze mapema, wiki sita kabla sio nyingi, maana kuna kukauka humu ndani na kukauka hakuharakishwi.

Unga wa chumvi ndo rahisi kuanza nao. Vikombe viwili vya unga wa ngano wa kawaida, usiwe ule wenye hamira ndani yake maana utaumuka na umbo litaharibika, kikombe kimoja cha chumvi laini, na maji kikombe kimoja, ila maji usimimine yote, weka kidogo kidogo mpaka donge likae, unga mwingine unakunywa maji sana mwingine hapana. Kanda dakika kumi kamili. Watu wanakanda dakika mbili wakiona limeshikana wanaacha, halafu wanalalamika pembeni kunapasuka. Likikandwa vizuri linakuwa nyororo kama ndewe ya sikio, hapo ndo sukuma, unene usizidi nusu sentimita hivi. Ukikosa cha kusukumia chukua chupa ya glasi iliyo safi. Kata umbo, toboa tundu la kamba kwa mrija, na tundu likae mbali kidogo na ukingo, kama sentimita moja, la sivyo litakatika siku ya kutundikwa.

Na sasa hivi, kabla halijaenda kwenye oveni, ndo geuza uandike nyuma kwa ncha ya sindano au kijiti. Likishakauka limegoma.

Oveni iwe ya moto mdogo, nyuzi 100 za Selsiasi, masaa mawili mpaka matatu, katikati uvigeuze. Usiongeze moto ili viwahi!! Moto mkali unaumua mapovu kwa ndani, uso unabadilika rangi huku katikati bado ni tope. Kama huna oveni anika ndani sehemu yenye hewa siku kadhaa, kila siku unageuza. Ukitaka kujua kama kimekauka gonga kwa kucha, kikilia kavu kama kigae kiko tayari, kikitoa sauti nzito kirudishe.

Hapa nikuambie kosa langu. Mwaka mmoja nilikuwa na haraka, nikapaka rangi na vanishi juu ya vitu ambavyo ndani bado vina unyevu. Siku ya kutoa vilikuwa vinang'aa, kila mtu anasifia. Baada ya wiki chache shangazi yako ananitumia picha, kile cha kwake kimelainika kimeota ukungu mweusi pembeni. Alivyoniambia kwa upole vile ndo nikajisikia vibaya zaidi. Chumvi inavuta unyevu wa hewani, ndo tabia yake, kwa hiyo lazima kikauke kabisa kwanza, halafu upake rangi, akriliki ni nzuri kuliko zile rangi za maji za shule, iache ikauke mpaka kesho yake, halafu vanishi mara mbili, mbele, nyuma, na ukingoni, na ndani ya lile tundu la kamba pia, watu wote wanasahau tundu na unyevu unaingilia hapo hapo. Kwa watu wenye mbwa waambie wakitundike juu, ule unga una chumvi nyingi sana na mbwa akiutafuna unaweza kumdhuru vibaya.

Kitambaa ndo ninachokipenda mimi, nakiri. Na hapa usiende kununua kitambaa kipya. Tafuta vipande vyenye historia na mtu unayempa, shati la baba yako lililochakaa kola, mfuko wa gauni la zamani la dada yako, foronya ya mlipokuwa wadogo. Fua kwanza, piga pasi, halafu kata maumbo mawili yanayofanana, moyo, samaki, jani, chochote chenye umbo rahisi, pembe kali nyingi zitakusumbua kushona. Upana wa sentimita 7 au 8 unatosha, chini ya hapo vidole vinagombana. Kama ni felti, kile kitambaa kinene cha nyuzi zilizogandamizwa, haichomoi nyuzi, unashona ukingoni moja kwa moja, mshono wa blanketi, ule wa kuzungusha uzi ukingoni, unapendeza na unaficha makosa. Kama ni kitambaa cha kawaida shona kwa upande wa ndani halafu ukigeuze, bakiza uwazi wa sentimita 3 wa kujazia pamba, ukimaliza unaziba kwa stichi za kujificha. Uzi wa kudarizi unakuja nyuzi sita zimesokotwa pamoja, usitumie zote, tenga mbili au tatu, vinginevyo mshono unakuwa mnene kama kamba ya kiatu. Pamba jaza kidogo kidogo kwa kutumia nyuma ya penseli, anzia kwenye kona.

Vifungo na shanga ni vizuri kwa watu wazima tu. Kwa wale wadogo zetu, chini ya miaka mitatu, usiweke kabisa, macho yadarizi kwa uzi. Najua kile kindege cha bibi kina jicho la kifungo lakini kilikuwa kinatundikwa juu.

Karatasi nayo ipo, nyota, mioyo ya kusuka, sitaieleza sana maana we mkono wako ni mwepesi kuliko wangu. Ila chagua karatasi nzuri. Gazeti linapendeza leo, lakini limetengenezwa na mbao ambayo haikuondolewa lignini, ile inayoshikanisha nyuzi za mti, likipigwa na mwanga na hewa linageuka njano na kuvunjikavunjika. Kama unataka kubana maua ndani ya kadi au fremu ndogo, uanze leo leo, yanataka wiki mbili mpaka nne chini ya kitabu kizito katikati ya karatasi zinazonyonya maji, na zile karatasi uzibadilishe siku za mwanzo kila siku. Chagua maua membamba, yenye kiini kinene yanaoza kabla hayajakauka. Na mwambie utakayempa asiyaweke juani, rangi inakimbia.

Nirudi kwenye kuandika nyuma, maana kila kitu kina namna yake. Kwenye karatasi tumia penseli. Ndiyo, penseli, nilipoambiwa na mimi nilishangaa, lakini wino wa peni nyingi unapauka na unasambaa ukipata maji, penseli ni kaboni haipauki, ni wewe tu usiifute. Kwenye unga ni kuchora kwa sindano kama nilivyosema. Ukiwa umesahau ukachelewa, andika kwa maka isiyofutika, lakini jaribu kwanza kwenye kipande kibovu maana vanishi nyingine inayeyusha wino na maandishi yote yanakuwa wingu. Kwenye kitambaa darizi, herufi mbili na mwaka, ukiona ni kazi kubwa basi shonea kipande kidogo cha utepe ulioandikwa. Ukiwa na nafasi ongeza neno moja linalomhusu yule mtu. Kwa dada yako kwa mfano ungeandika kitambaa kimetoka wapi, ataelewa mwenyewe na wanawe watakuja kuuliza.

Usiogope makosa kwenye hivyo vitu. Mshono uliopinda kidogo, alama ya kidole kwenye rangi, hivyo viache. Kitu legelege ndo usitoe, kamba inayochomoka, gundi ambayo haijakauka, hizo ni kumpa mtu tatizo. Gundi nyeupe ya kawaida ipe siku nzima hata kama kwa juu inaonekana kavu.

Kufunga usijisumbue, boksi dogo gumu na karatasi laini, na kisikae kinacheza ndani. Ukitikisa ukasikia kitu kinagonga ongeza karatasi. Mwambie mtu atunze hilo boksi, kitu kidogo kikikosa nyumba kinapotea sikukuu ikiisha.

Na jambo moja la mwisho nilifanye mimi. Leo jioni, watu wakishalala, nachukua utepe mweupe mwembamba, naandika "Kilikuwa cha mama yangu. Alikitundika dirishani kila mwaka. Hatujui aliyekishona," naweka na mwaka huu na jina langu, nakishonea chini ya bawa la bluu. Ile nyota yako nayo nimeamua, nitaandika "miaka minne au mitano," baba yako amekubali.

Ukija niletee msasa laini, wangu umeisha, na hicho kipande cha shati la baba yako usikikate mpaka nikione.

Mama yako