Barua kwa mwanangu: si damu peke yake

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa juzi umeninyima usingizi. Uliandika: "Baba, wewe na baba mkubwa hamtapatana. Hata sokwe wa Gombe waliuana, mambo haya yako kwenye damu." Nimeona nikuandikie barua, maana hili si la kumalizwa kwenye simu.

Ni kweli waliuana, kule hifadhi ya Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika. Tena aliyeshuhudia shambulio la kwanza, Januari 1974, ni Mtanzania mwenzetu, Hilali Matama, aliyekuwa akiwafuatilia porini. Kundi lilikuwa moja, likagawanyika. Waliobaki kaskazini wakaitwa Kasakela, waliohamia kusini wakaitwa Kahama. Ndani ya miaka minne madume yote ya Kahama yalikuwa yamekwisha. Anayeniuma zaidi ni Goliath. Zamani alikuwa dume kiongozi, na mwaka 1975, akiwa mzee, alivamiwa na madume ya Kasakela. Hawakuwa wageni kwake. Waliwahi kukaa pamoja wakichambuana manyoya.

Wapo waliosema chanzo ni ndizi walizopewa na watafiti. Lakini mauaji ya namna hiyo yameonekana pia Ngogo, Uganda, ambako hakuna aliyewalisha. Kundi linalowashinda majirani hupanua eneo, likapata matunda zaidi, na watoto wanaoshiba ndio wanaopona na kurithi tabia za wazazi wao. Hivyo sitakudanganya kwamba tulikotoka ni kusafi. Kwa vinasaba tunafanana na sokwe kwa zaidi ya asilimia 98.

Ila umesoma nusu, mwanangu. Ng'ambo ya kusini ya Mto Kongo wapo bonobo, wanyama wanaofanana sana na sokwe, nao ni ndugu zetu kwa kiwango kilekile cha sokwe. Kwao majike hushikamana na madume hayawatishi ovyo. Makundi mawili yakikutana, mara nyingi huchambuana manyoya na hata kula pamoja. Sasa niambie, damu yetu inafuata ipi kati ya hizo mbili?

Tena njoo huku kwetu, kwenye ziwa letu hilihili la Tanganyika. Sokwe wa milima ya Mahale wana desturi yao: wawili hukaa wakitazamana, kila mmoja huinua mkono mmoja juu, wakashikana, kisha kwa mkono uliobaki wanachambuana. Watafiti wa Gombe, pwani hiihii, hawakuiona desturi hiyo kwa sokwe wao. Mnyama ni yuleyule, ziwa ni lilelile. Kinachotofautiana ni kile walichokikuta kwa wakubwa wao.

Hata kuvua mchwa kwa kijiti, jambo ambalo mtafiti Jane Goodall aliliona Gombe mwaka 1960 likawashangaza wasomi waliodhani zana ni za binadamu tu, mtoto hazaliwi akilijua. Hukaa kwenye kichuguu karibu na mama yake, akitazama, akijaribu, akikosea, miaka kadhaa mpaka mkono uzoee.

Hapo ndipo usingizi uliponipaa. Siku ile mimi na baba yako mkubwa tulipotukanana kwa ajili ya shamba la babu yako, wewe ulikuwa umekaa barazani na daftari lako la hesabu. Hukusema neno. Ulitutazama tu. Tangu hapo ni miaka sita, na hujawahi kuniona nikivuka kwenda kwake, si kwenye msiba wala kwenye harusi. Uliyoyaandika juzi hukuyatoa Gombe. Uliyatoa kwangu, na ninakuomba radhi.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuogelea. Alinishika tumbo kwenye maji, akaniambia nipige miguu, naye asiniachie mpaka mwenyewe niseme. Sikuwahi kukusimulia hilo.

Jumapili nakwenda kwake. Mama yako ameshafunga dagaa wa kupeleka. Kama basi lako litakuwa limefika asubuhi, nisubiri nyumbani, twende wote.

Baba yako