Kipindi cha Alhamisi: majina ya makundi

Jamani, habari za jioni. Alhamisi saa 3 usiku tunaingia kwenye majina ya makundi ya Kiingereza. Kila mtu aje na sentensi zake.

Anzeni na ya kila siku: ng'ombe ni "herd", kondoo "flock", nyuki "swarm", samaki "school". Funguo na ndizi zote "bunch", ila wafanyabiashara wa ndizi chane moja huiita "hand".

Yale ya mbwembwe, kunguru kuitwa "murder", msihangaike nayo. Mengi yamo kwenye orodha iliyochapishwa Uingereza mwaka 1486, mengine ni utani mtupu. Hata watawa wa kike walipewa lao, "superfluity", yaani wamezidi!

Asiye na bando aseme mapema, nimtumie maswali kwa meseji.