Aya yako ya pili ni lumbesa

Uyole, Mbeya

Mwalimu mwenzangu, kamwene!

Rasimu yako ya Kalenga, ile ngome ya Mkwawa karibu na Iringa, nimeisoma jana usiku kando ya jiko la mkaa, maana baridi ya Juni huku Uyole haina huruma. Nimeipenda, ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia: nataka uone nilichokata na kwa nini.

Aya ya pili ni lumbesa. Gunia ulishalijaza mpaka mdomoni, halafu ukashonea la ziada juu: fuvu la Mkwawa (yule mtwa, yaani chifu, wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani), vita vya Lugalo vya 1891, kuanguka kwa ngome mwaka 1894, hadi nauli ya kutoka Iringa mjini! Msomaji akifika mwisho hajui umemwitia nini. Nikajiuliza, likibaki jambo moja tu humu, liwe lipi? Ni kurudi kwa fuvu. Vita na ngome nimevihamishia aya ya kwanza. Nauli iende mwisho, kwenye maelekezo ya safari.

Sasa maneno yenyewe. Uliandika: "Ni jambo lisilopingika kwamba katika suala zima la historia ya Wahehe, mnamo mwaka wa 1954 kitendo cha kurejeshwa kwa fuvu la Mtwa Mkwawa kutoka nchini Ujerumani kiliweza kufanyika."

Nimeacha hivi: "Fuvu la Mtwa Mkwawa lilirudi kutoka Ujerumani mwaka 1954, miaka 56 baada ya kifo chake."

Umeona? "Suala zima", "kitendo cha", "kiliweza kufanyika", vyote vimeondoka na habari haikupungua. Tena imepatikana nafasi ya hiyo miaka 56, ambayo kwangu ndiyo inayouma. Haya maneno tunayazoa kwenye hotuba na ripoti za ofisini, nami ninayo pia. Huwa nayagundua nikisoma kwa sauti, pale pumzi inapokata kabla ya nukta.

Kuna sentensi moja sikuigusa: ile ya bibi yako kunyamaza kila jina la Mkwawa lilipotajwa. Pale ilipo inabanwa na tarehe, lakini usije ukaifuta kwa kutafuta ufupi. Ipe aya yake, hata ikiwa mistari miwili. Na uongeze alikuwa ameshika nini mkononi, kama unakumbuka.

Nirudishie kabla shule hazijafunguliwa. Nisalimie nyumbani.

Wako,
wa Uyole