Teria anakuja: yaandae mambo haya kabla hajavuka mpaka wa Sirari

Nyegezi, Mwanza

Dada yangu mpendwa,

Mwangaluka! Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Tumefurahi sana kusikia mmekubaliana nyumbani kumpokea mmoja wa mbwa aina ya teria waliookolewa Nairobi. Naandika kwa kirefu kwa sababu mambo haya hayafai kusemwa kwa simu harakaharaka, na kwa sababu wiki za mwanzo kwa mlezi wa muda ndizo zinazoamua kama mbwa atapata makao ya kudumu au atazungushwa nyumba hadi nyumba.

Kazi yenu kubwa ni kumjua. Mbwa aliyeokolewa huja na karatasi zinazotaja umri na chanjo. Hazisemi atafanya nini akiona kuku, akisikia bodaboda, au akiachwa peke yake mchana kutwa. Hayo yataonekana kwenu tu, na familia ya kudumu sisi tunaowatafutia makao tutaichagua kwa kufuata mtakayotuambia. Kumpenda mtampenda, hilo sina shaka nalo, lakini tunawahitaji zaidi mtuambie ukweli wake, hata ule usiovutia.

Anayekuja ni Jack Russell, aina iliyoanzia kwa kasisi John Russell wa Devon, Uingereza, karne ya 19. Alitaka mbwa mdogo, wa kilo sita hadi nane hivi, anayeweza kuingia shimoni kwa mbweha na kubweka humo ardhini ili wawindaji wajue alipo. Kuchimba, kubweka na kung'ang'ania ndiyo asili yake, na kumchapa hakutamwondolea. Mpeni kona yake ya kuchimba, yenye mchanga, mfukie humo vipande vya chakula, na mlinde sehemu nyingine.

Uzio ndio unaonipa wasiwasi zaidi. Michongoma haimzuii teria hata kidogo, maana hupita chini kwenye mashina. Chini ya geti pasizidi upana wa vidole vitatu. Kando ya uzio tandikeni waya wa kuku, nusu mita kuelekea ndani ya uwanja, mwingine sentimita 30 ukipanda juu ya uzio, kisha mpange mawe juu ya ule uliolala. Mawe Mwanza hatununui. Akichimba pale pale ukutani, kama wafanyavyo wote, atakutana na waya na ataacha.

Halafu kuna miamba yenyewe nyuma ya nyumba yenu. Pimbi hukaa humo, na mijusi yenu ile ya kichwa chekundu huota jua juu yake kutwa. Teria akimfuata pimbi kwenye ufa huingia mpaka abanwe, na hakuna sururu ya kuupanua mwamba wa Mwanza. Kwa hiyo nje ya uzio asifunguliwe kamba kamwe, hata akiwa na miezi miwili kwenu, hata akishaanza kuitika jina. Kamba ya mita tano inatosha kumpa uhuru. Ifungeni kwenye mkanda wa kifuani, na kamba ya pili kwenye mkanda wa shingoni, kwa sababu mbwa mwenye hofu hurudi kinyumenyume na kuchomoka kwenye mkanda wa shingoni kwa sekunde moja. Wanaopotea hupotea hivyo, na mara nyingi ni siku za mwanzo, kabla hawajajua nyumbani ni wapi.

Kuhusu karatasi msihangaike, ni kazi yetu: kibali cha kuingiza mnyama kutoka wizara yetu inayosimamia mifugo, cheti cha afya cha daktari wa mifugo wa serikali ya Kenya, na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Namba ya chipu iliyo chini ya ngozi ina tarakimu 15 na lazima ifanane kwenye karatasi zote. Mkimpokea, isomeni kwa mashine yake nanyi mlinganishe. Kosa la tarakimu moja husumbua mpakani, na husumbua tena siku akipotea.

Njiani atakuwa ndani ya kizimba kilichofungwa imara garini. Hatalishwa kwa muda wa saa nne kabla ya safari ili asitapike. Atapewa maji kila kituo, lakini hatashushwa Bunda wala Lamadi. Maeneo yale yanapakana na Serengeti, ambako mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uitwao distempa uliua takribani theluthi moja ya simba, na watafiti waliutafuta mzizi wake kwa mbwa wa vijijini. Chanjo anayo, lakini hatuna haja ya kuijaribu kando ya barabara.

Akifika, msimwogeshe. Msiwaite majirani. Awe na chumba kimoja tulivu, kizimba mlango wazi, maji, na mahali pa haja pale pale kila mara. Siku tatu za kwanza huenda asile, au ajifiche chini ya kitanda, na watoto wamwache mpaka aje mwenyewe. Sisi walezi tuna kipimo cha kukadiria: siku tatu hofu ipungue, wiki tatu aanze kuonyesha tabia yake, miezi mitatu ajione wa nyumbani. Maana yake ni kwamba mbwa mpole wa siku ya pili si lazima awe mbwa huyo huyo wiki ya tatu. Msitutumie sifa zake mapema.

Mbwa wenu Simba akae mbali naye siku 14. Ugonjwa wa parvo unaweza kuchukua wiki hadi mbili kujitokeza, na virusi vyake hukaa kwenye udongo miezi mingi. Akiharisha damu, osheni sakafu kwanza kwa sabuni, kisha mpitishe jiki, sehemu moja kwa maji sehemu 30, iachwe dakika kumi. Jiki juu ya uchafu haifanyi kazi. Baada ya hizo wiki mbili wakutanisheni nje ya geti, mkitembea nao upande mmoja, kila mmoja na kamba yake. Msiwakutanishe penye bakuli.

Chakula sasa. Mbwa wa kilo saba anatosheka na gramu 130 hivi za chakula kikavu kwa siku, mara mbili. Mkipika wenyewe, gramu 250 za wali au ugali uliopoa, gramu 120 za nyama ya samaki iliyochemshwa, mboga kidogo na kijiko cha chai cha mafuta. Mapanki, yaani mifupa ya sangara iliyokwisha kutolewa minofu, ni rahisi, najua, lakini mchambue kila mwiba kwa vidole, kwa sababu mwiba wa sangara hukwama kooni au hutoboa utumbo. Dagaa waoshwe mara tatu nne mpaka mchanga uishe. Vitunguu, swaumu na chokoleti asipewe kabisa. Tutampa na mfuko wa chakula alichozoea. Changanyeni robo ya chakula kipya, kisha nusu, kisha robo tatu, kwa wiki nzima, la sivyo ataharisha nanyi mtadhani ni parvo.

Kupe wa kwetu ndio watakaomsumbua kuliko chochote. Mtazameni kila jioni katikati ya vidole, ndani ya masikio, chini ya mkia. Kupe wa mbwa hutaga kwenye nyufa za kuta, hivyo banda nalo linyunyizwe dawa. Akilegea na kukataa chakula, ufizi ukiwa mweupe, damu ikitoka puani au mkojo ukawa rangi ya kahawa, ni siku hiyo hiyo kwa daktari wa mifugo, achukue damu aitazame kwa hadubini. Ila nakuomba, msikubali mtu amwogeshe kwa dawa ya ng'ombe aliyoikoroga kwa kukisia. Kipimo cha ng'ombe kwa mwili wa kilo saba ni sumu: udenda, kutetemeka, kisha degedege. Na sumu ya panya iondolewe kabisa, hata ya jirani mumwombe, kwani teria hula panya aliyeila.

Jicho likiwa jekundu, likafunga ukungu, naye akawa analifumba, msingoje kesho. Aina hii hurithi ugonjwa wa lenzi ya jicho kuhama mahali pake, na saa chache huamua kama ataona tena. Akitemewa na swila, muoshe macho kwa maji mengi safi robo saa huku mkimpeleka kwa daktari. Akimng'ata mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo pamoja na kadi ya chanjo.

Kila usiku andikeni mistari michache kwenye daftari: kala nini, choo kikoje, kaogopa nini, kafanyaje kwa kuku (akiwa amefungwa, hatua kumi mbali kwanza). Kumwacha peke yake kuanze na dakika tano, kumi na tano, arobaini. Akilia, rudini nyuma hatua moja.

Watakaomtaka watakuja haraka, na wengi watauliza swali moja: ni jike? Hao wanatafuta watoto wa kuuza. Ndiyo maana hatoki kwenu kabla ya kufungwa kizazi na mshono kupona, siku 10 hadi 14. Wengine watamtafutia kazi ya ulinzi, wamfunge mnyororo kutwa, na teria wa kufungwa mnyororo huishia kubweka mpaka apoteze akili. Tunataka kuona uzio kwa macho yetu, kujua nani atamlisha wakisafiri, na kama ni nyumba ya kupanga, mwenye nyumba na wapangaji wenzao wamekubali. Penye majirani Waislamu uwanja mmoja, waulizwe mapema na kwa heshima, kwa sababu mate ya mbwa yana hukumu yake kwao. Siku 14 za majaribio, na karatasi iliyosainiwa inayosema wakishindwa anarudi kwetu, haendi kwa mwingine.

Mkitaka kubaki naye ninyi, hakuna aibu, tena tutafurahi. Mtuambie tu kabla hatujaanza kuwaleta watu nyumbani kwenu kumwona, maana kumtangaza mbwa asiyetoka ni kuwavunja watu moyo.

Gari linatoka Nairobi Ijumaa usiku. Pima nafasi iliyo chini ya geti unitumie kipimo kabla ya Jumatano, fundi aje na mbao kama inahitajika.

Ni mimi rafiki yako.