Tunaogopa tochi, kibao cha 50 hatukijali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Nauza asali hapa Tabora mjini, na mara kwa mara napanda basi kwenda Kaliua kufuata mzigo.

Safari iliyopita nilikaa kiti cha mbele. Tulipokaribia Usoke, lori likaja mbele yetu likatuwashia taa mara mbili. Dereva akaachia mafuta, mshale wa mwendo ukashuka kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 50, tukampita askari na tochi yake ya kupimia mwendo kwa adabu zote. Nyumba hazijaisha, kibao cha kumaliza 50 hatujakiona, mshale umesharudi 80. Mtoto mwenye ndoo ya maji kichwani alikuwa ukingoni akisubiri kuvuka. Upepo wa basi ulimyumbisha, maji yakammwagikia. Mama mmoja akapaza sauti, "Dereva, kuna watu hapo!" Konda akamjibu, "Usihofu mama, tochi tumeshaipita."

Jibu hilo limeninyima usingizi. Maana yake 50 ni ya askari, si ya yule mtoto. Gari likiwa 50 linakwenda karibu mita 14 kwa sekunde moja. Likiwa 80 ni mita 22, na kishindo chake likigonga ni zaidi ya mara mbili na nusu. Mtoto hapimi hayo. Anatazama gari liko mbali, anavuka.

Madereva wanalalamika kwamba tochi ni za kuvizia, na faini ya 30,000 wengine wanaihesabu kama ushuru wa njia. Siwabezi. Ndiyo maana naomba kamera za kudumu zinazopima muda kati ya nukta mbili, kama wanavyofanya Uingereza. Kamera ya kwanza inasoma namba ya gari mnapoingia, ya pili mnapotoka. Kilomita 5 kwa mwendo wa 50 ni dakika 6. Ukitokeza baada ya dakika 4, umekwenda wastani wa 75, hata kama ulinyenyekea mbele ya kila askari. Hapo kuwashiana taa hakusaidii, wala hakuna wa kuongea naye pembeni. Mabasi yana king'amuzi mwendo, kifaa cha kufuatilia mwendo wa basi cha LATRA (Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini), ni kweli, lakini magari binafsi hayana, nayo yanapita vijijini humo humo.

Abiria nasi tuna lawama. Basi likienda 50 tunaguna, "Huyu dereva vipi, tutafika kesho?" Nimewahi kusema hivyo mimi mwenyewe, na ninaona aibu.

Nawaomba wahusika waanzie Usoke. Watangulize mabango makubwa yanayosema kamera ipo, kila dereva ayasome kabla hajafika kwenye nyumba ya kwanza.

Msomaji wako,
Muuza asali, Tabora