Barua ya wazi kwa Gavana wa Mombasa: tununulie dakika nne

Kwako Mheshimiwa Gavana,

Ama baada ya salamu, mimi ni fundi cherehani wa Mshomoroni. Cherehani yangu ni ya kuzungusha kwa mkono, maana miguu yangu haijakanyaga kitu tangu nilipokuwa na miaka kumi na tisa. Nakuandikia kuhusu dakika nne.

Dakika nne ndizo zinazotosha mimi kupanda matatu. Nimezipima kwa simu yangu, na si mara moja. Makanga ashuke, abiria wa mbele aombwe ahame, mimi nibebwe hadi kando ya dereva, kiti cha magurudumu kikunjwe na kutafutiwa pa kukaa. Mara nyingi huishia mapajani mwa mtu. Kushuka, kadhalika.

Nikitoka nyumbani huchukua leso, yaani kanga, mbili zaidi. Moja ni ya kujifunika. Ya pili naifunga miguuni juu ya buibui, kutoka magotini hadi kwenye vifundo, kwa sababu anayenibeba hunishika kwapani na chini ya magoti, na nguo hupanda. Ni mwanamume nisiyemjua, umri wake wa kuwa mwanangu, na steji nzima inatazama. Nisiwasingizie vijana hawa: wengi wana adabu zao, hugeuza uso upande. Yuko mmoja ambaye hanigusi kabla ya kusema "samahani, mamangu." Namshukuru. Lakini nimeishi miaka mingi nikiombwa samahani ili niende hospitali.

Asubuhi moja ya Ramadhani nilikuwa na kliniki. Matatu tatu zilinipita. Ya nne ikasimama, makanga akakitazama kiti changu akaniambia, "Mama, hicho kitalipia nafasi ya mtu." Nikakubali, nikainama nikafunga leso yangu. Nilipoinua kichwa, dereva alikuwa keshamwambia mwenzake waachane na mimi, wanachelewa. Gari ikaondoka. Nikabaki pale nimefungwa miguu kama mbuzi wa Idi.

Nilikasirika, kisha nikawaza. Dereva yule alfajiri amekabidhiwa gari, na jioni tajiri mwenye gari anataka hesabu yake kamili. Mafuta juu yake, makanga juu yake, na kinachobaki ndicho cha watoto wake. Nyuma yake kuna gari nyingine inayomwinda abiria walewale. Akinipa mimi dakika nne, ile ya nyuma itampita, na abiria wote waliosimama steji inayofuata wataingia humo. Si kwamba hana huruma. Huruma yake ina bei, na bei hiyo analipa yeye peke yake.

Ndiyo maana sheria imeshindwa hapa. Tunayo, tena nzuri. Katiba ya 2010, Ibara ya 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufikia usafiri wa umma. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003, kifungu cha 23, iliwataka wenye magari ya abiria wayarekebishe yatufae, ikawapa miaka miwili. Kifungu hicho kilianza kutumika 2010. Mwaka 2025 ikaja sheria mpya kuchukua nafasi ya ile ya 2003. Katika muda wote huo sijaona matatu hata moja ya njia yetu yenye rampu. Na hata ikiwekwa, ni nani atakayeishusha wakati hesabu inamngoja?

Sasa tazama feri ya Likoni. Wengi huilaani, na foleni zake nazijua. Lakini ndicho chombo pekee Mombasa ninachopanda bila kubebwa. Nateremka kwa magurudumu yangu hadi ndani, navuka, natoka. Abiria wa miguu halipi hata shilingi, na mwendeshaji hatafuti hesabu kwa kichwa changu. Mshahara wake ni uleule, nikichelewa nisichelewe. Hakuna anayesema feri ni ya walemavu. Ni kwamba tu haina haraka ya pesa na mimi.

Ninachoomba, Mheshimiwa, ni kitu kama hicho barabarani. Gari chache za kaunti zenye rampu na mikanda ya kufungia viti, dereva wa mshahara, na nambari ya simu ya kupiga siku moja kabla: niko Mshomoroni, kesho saa mbili niwe kliniki Makadara, saa sita nirudi. Cape Town wanayo huduma ya namna hii, ni huduma ya jiji, kwa watu waliosajiliwa ambao hawawezi kupanda basi la kawaida. Marekani imeandikwa katika sheria ya 1990 na kanuni zake: penye basi la umma la njia maalum, lazima pawe na huduma hii kwa safari zinazoanzia na kuishia ndani ya robo tatu ya maili kutoka njia ya basi, ukiagiza leo ubebwe kesho, na nauli isizidi mara mbili ya ile ya basi. Huko nako watu hulalamika kwamba gari zinachelewa na safari zinazunguka mno. Walalamike. Natamani na mimi niwe na gari ya kulalamikia.

Wasaidizi wako watakuambia hakuna pesa za mabasi. Basi tuanze na tuktuk, zimejaa kila kona. Kukodi tuktuk kutoka kwangu hadi Makadara ni shilingi 400, na kurudi 400, ilhali jirani yangu anayetembea hulipa 50 kwa matatu. Siku ya kliniki nashona kanzu nzima ili niilipe tuktuk. Kaunti ikiingia mkataba na madereva wachache, fundi akafungua sehemu ya nyuma na kuweka kibao cha kupandishia kiti, kisha kaunti ikalipa tofauti ya nauli, dereva atakuwa na kila sababu ya kunisubiri. Mafundi wa kuchomelea wa Mwembe Tayari hawatashindwa na kibao. Na Jedwali la Nne la Katiba limeshaweka usafiri wa umma wa barabarani katika kazi za kaunti, kwa hiyo hapa huhitaji kusubiri Nairobi.

Nimeandika habari za magurudumu kwa sababu ndiyo ninayoyajua. Jirani yangu asiyeona husema steji ya Kongowea huijua kwa harufu ya vitunguu, na zilizobaki hubahatisha, kwa kuwa muziki wa matatu humzuia kusikia makanga akitaja mahali. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya 900,000 wa miaka mitano kwenda juu wenye ulemavu, na waliotajwa kwa wingi zaidi ni wenye shida ya kutembea. Huwaoni steji. Sisi ndio tuliobaki nyumbani.

Ukiamua kulianza jambo hili, usiwape kazi wataalamu peke yao. Tuiteni sisi tuijaribu hiyo tuktuk kabla haijapakwa rangi. Mteremko wa kibao ukizidi, kiti hurudi nyuma na mtu wake. Mlango ukiwa mfupi, tunagonga vichwa. Mimi nitakuja siku yoyote isipokuwa Alhamisi, ndiyo siku yangu ya kliniki. Siku hiyo hutoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi ili niwahi miadi ya saa tatu.

Ni mimi,
Fundi cherehani, Mshomoroni